Ua la Sukari Hukaguliwa Mgongoni

Ukitaka kujua ua la sukari limekauka sawasawa, ligeuze. Uso hukauka mapema kwa sababu unapigwa na hewa. Mgongo hubaki na maji. Kwa wapambaji wa keki wa Kilosa na Mikumi jambo hili lina uzito, hasa masika, Machi hadi Mei. Sukari huvuta unyevu wa hewani, na hewa ikiwa nzito, maji yaliyomo ndani ya ua hayatoki upesi.

Namna ya kukagua

Gusa mgongo wa petali kwa ncha ya kidole. Ukihisi ubaridi au kunata, bado. Kisha liinue ua dhidi ya mwanga: ukingo uliosukumwa vizuri ni mwembamba kiasi kwamba unaona kivuli cha kidole chako kwa nyuma. Tazama kama una nyufa ndogondogo. Nyufa hizo huonyesha kwamba juu palikaushwa kwa haraka huku ndani pangali pabichi. Mwisho, gonganisha petali mbili taratibu. Zilizokauka hulia kama vikombe vya kauri. Mbichi hazitoi sauti.

Rangi nayo hutoa ushahidi. Waridi lililopauka upande mmoja lilianikwa juani.

Namna ya kuharakisha

Haraka huanzia kwenye kukanda. Weka takriban kijiko kimoja cha chai cha unga wa CMC, unaosaidia ua kukauka na kukaza, katika gramu 250 za fondanti (donge la sukari la kutengenezea ua), ufunike, uache ukolee kwa saa kadhaa. Sukuma donge liwe jembamba, maana petali nene haiokolewi na feni.

Laza petali juu ya sifongo safi yenye matundu, uliyoinyunyizia konflawa kidogo, ili hewa ipite chini pia. Washa feni kwa mwendo mdogo, ikivuma kutoka ubavuni. Ukingo ukishashika umbo, geuza. Mvua ikinyesha, funga madirisha. Ua la tabaka nyingi likaushe tabaka moja kwanza, ndipo uongeze jingine.

Oveni yenye taa inafaa ukiwasha taa peke yake na kuacha mlango wazi kidogo. Usiwashe moto: sukari hulainika na petali hulala. Friji pia iache. Ua likitoka humo hutokwa jasho, rangi zikachuruzika.

Safari

Keki inayotoka Morogoro kwenda Mikumi hupita kwenye matuta ya barabara ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Ua bichi hulegea njiani, na lililokauka huvunjika likitikiswa. Lisafirishe peke yake ndani ya boksi la karatasi lenye pamba, ulipachike ukumbini.

Ndugu mpambaji, ukipokea oda ya harusi ya masika, tengeneza maua kwanza, siku kadhaa kabla ya kuoka. Na ua ambalo mgongo wake bado unanata, usimpe mteja.