Miezi mitatu ya ziada

Soma mikataba ya kupangisha maduka na ofisi jijini Nairobi na utakutana tena na tena na muda usio wa kawaida: miaka 5 na miezi 3. Miezi hiyo 3 iliongezwa na wakili wa mwenye jengo, naye alikuwa akiikwepa sheria ya mwaka 1965, Sura ya 301, inayohusu maduka, hoteli na sehemu za kuuzia chakula.

Sheria hiyo humkinga mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Upangaji wa namna hiyo hauishi kwa sababu tu tarehe imefika. Mwenye jengo anayetaka kumtoa mpangaji, au kupandisha kodi, lazima atoe notisi rasmi ya miezi 2 au zaidi, na ile ya kumtoa iwe na sababu inayokubalika kisheria, kama vile kodi isiyolipwa, nia ya kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia jengo mwenyewe. Mpangaji akikimbilia baraza la mizozo ya kodi za majengo ya biashara (BPRT) kabla notisi haijaanza kutumika, notisi hiyo husimama hadi baraza liamue. Wala pande mbili haziwezi kukubaliana kuiweka sheria hii kando. Kwa mpangaji huyu, suala la kuongeza mkataba halina uzito mkubwa.

Mpangaji mwenye mkataba wa miaka 5 na miezi 3 yuko nje ya uzio huo wa kinga. Lakini hapa waandishi wa mikataba hujikwaa, na mimi huona ndiyo sehemu tamu ya mchezo wote. Sheria inaukinga pia mkataba mrefu ulio na kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka 5 bila kosa la upande wowote. Kwa hiyo mwenye jengo anayeongeza miezi 3 kwa ujanja, kisha akaweka kifungu kinachomruhusu kuvunja kwa notisi, amejirudisha mwenyewe ndani ya uzio.

Mkataba ukiwa nje kwelikweli, haki ya kuendelea hutegemea kifungu cha kuongeza muda, nacho husomwa kwa ukali. Kikidai barua miezi 6 kabla ya mwisho, barua iliyotumwa miezi 5 kabla imechelewa. Kikidai mpangaji asiwe na deni, deni dogo la ada ya huduma linaweza kuizima haki yote. Kifungu kibovu kuliko vyote ni kile kinachosema kodi mpya “itakubaliwa baadaye”: pande mbili zisipoelewana, hakuna cha kutekeleza. Afadhali asilimia iliyotajwa, au mthamini atakayeamua.

Kuna pia wanaonyamaza. Tarehe inapita, mpangaji analipa, mwenye jengo anapokea. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, kodi ikiendelea kupokelewa kwa miezi 2 baada ya muda kwisha, huhesabiwa kuwa umezaliwa upangaji wa mwezi hadi mwezi. Huo haukuandikwa popote, na wakili wa mpangaji hatakosa kudai kwamba Sura ya 301 sasa inamkinga. Mwenye jengo aliyelipia miezi 3 ya tahadhari ataipoteza kwa risiti mbili, asipoambatanisha kila risiti na barua inayosema anapokea fedha hizo huku mazungumzo ya mkataba mpya yakiendelea, wala hajakubali upangaji mpya. Hata barua hiyo haitamfaa sana akiendelea kupokea.