Wastani na 'Average': Hesabu Moja, Maana Mbili

Miongoni mwa maneno ya hesabu ambayo wafasiri wetu huyapitia upesi bila ya kusita ni neno la Kiingereza 'average'. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu mara moja kuwa ni wastani. Jibu hilo si kosa, wala makala haya hayakuandikwa ili kuliondoa neno wastani katika lugha yetu. Lakini maneno mawili yaweza kukutana katika hesabu moja, na huku kila moja limekuja kwa njia yake na mzigo wake. Asiyeutazama mzigo huo aweza kufasiri neno kwa usahihi na habari kwa upotovu.

Na tuanze na neno la Kiingereza. Wengi wa wachunguzi wa asili za maneno hulirudisha, kwa kupitia Kifaransa na Kiitalia, kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya ila au uharibifu wa mali, hasa bidhaa iliyoharibika safarini. Shina lake ndilo litoalo pia neno la Kiarabu la mtu mwenye chongo. Kwa hiyo 'average' lilikuwa neno la bahari kabla ya kuwa neno la shule. Chombo kilipopigwa na tufani, na nahodha akaamuru sehemu ya shehena itoswe ili watu na mali iliyobaki visalimike, hasara ile haikuachiwa mwenye mali iliyotoswa peke yake. Wenye chombo na wenye shehena wote waliichangia, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya mali yake iliyookoka. Kanuni hii ni ya kale sana. Imo katika sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian na kutangazwa mwaka 533, na humo imenasibishwa na watu wa kisiwa cha Rhodes.

Wala maana hiyo haijafa. Mwezi wa Machi 2021 meli iitwayo Ever Given ilikwama katika Mfereji wa Suez kwa muda wa siku sita. Mwezi uliofuata wenye meli walitangaza 'general average', yaani waliwataka wenye shehena washiriki katika gharama za kuiokoa. Mfasiri ambaye angeandika hapo 'wastani wa jumla' angeandika maneno yasiyo na maana yoyote. Ilivyo hasa ni mchango wa hasara.

Kutoka kwenye mchango huo wa wafanya biashara, Waingereza katika karne ya 18 walilihamishia neno lao kwenye hesabu: kukusanya vitu visivyolingana, kisha kugawa jumla sawasawa kwa idadi yake. Mkazo ulibaki katika kugawa. Baadaye neno likageuka sifa ya mtu, na 'average' ikawa na maana ya mtu wa kawaida, asiye juu wala chini. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, na lilizaliwa katika Kiingereza chenyewe kabla ya kufika kwetu.

Neno letu wastani halikupita njia hiyo. Nalo ni la Kiarabu, lakini limetoka katika shina lenye maana ya kati. Tangu mwanzo halisemi habari ya kugawa. Lasema habari ya mahali. Kitu cha wastani ni kile kilichokaa baina ya pande mbili: si kirefu si kifupi, si kikubwa si kidogo. Tena neno hili lina sifa njema ndani yake, maana wazee wetu walifunzwa kuwa lililo bora katika mambo ni la kati na kati. Basi tulipolitwaa kufasiri hesabu ya kugawa, tuliivika hesabu ile vazi la mahali, na vazi la heshima pia.

Msomaji aweza kuuliza, kuna dhara gani? Na atazame mfano huu niliojitungia. Tuseme katika kijiji kuna watu kumi wanaoishi kwa uvuvi. Tisa kati yao hupata shilingi 10,000 kila mmoja kwa siku, na wa kumi, mwenye vyombo, hupata shilingi 910,000. Jumla yao ni shilingi 1,000,000, na ukigawa kwa kumi utapata 100,000. Kwa Kiingereza waweza kusema kuwa hiyo ndiyo 'average', na kwa Kiswahili kuwa wastani wa pato ni shilingi 100,000. Lakini nani katika kijiji hicho amekaa karibu na mahali hapo? Hapana hata mmoja. Tisa wako chini mno, na mmoja yuko juu mno. Hesabu ni sahihi. Neno ndilo linalomdanganya msikilizaji, maana akisikia wastani huona kundi la watu waliosimama katikati. Kama angetaka mtu wa katikati kwa kuwapanga toka wa chini hata wa juu, angepata shilingi 10,000.

Hali ni hiyo hiyo katika habari za umri. Ikiwa kati ya watoto kumi wanne hufa mara wazaliwapo, na sita huishi miaka 60, ukigawa utapata miaka 36. Mwandishi akisema kuwa watu wa nchi hiyo huishi miaka 36 kwa wastani, msomaji hudhani kuwa mtu wa miaka 40 huko ni mzee wa kuhesabika. Wala si hivyo. Habari yenyewe ni ya msiba wa watoto wachanga, na neno limeifunika.

Wala watu wa nchi nyingine hawakuepukana na kosa hili. Adolphe Quetelet, mtaalamu wa Ubelgiji, katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimtukuza mtu wa wastani kama kielelezo cha binadamu. Lakini katika miaka ya 1950 Luteni Gilbert Daniels wa jeshi la anga la Marekani alichunguza vipimo vya miili ya watu 4,063 wa jeshi hilo. Alipotafuta aliyekaribia wastani katika vipimo kumi vyote kwa pamoja, hakumpata hata mmoja. Chumba cha rubani kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.

Wako watakaosema kuwa mazingira ya sentensi yatosha kumwongoza msomaji. Mara nyingine hutosha. Francis Galton mwaka 1907 aliandika habari ya watu 787 waliokisia uzito wa ng'ombe katika maonyesho ya Plymouth: kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207, la kugawa lilikuwa 1,197, na uzito wenyewe 1,198. Pale ambapo hesabu hazikutawanyika sana upande mmoja, kati na mgawo hukaribiana, na neno moja laweza kutumika bila ya hasara kubwa. Tena mwenye kununua unga wa shule nzima ahitaji mgawo, wala hana haja ya mtoto wa katikati. Lakini mali, ardhi na umri havigawanyiki kwa namna hiyo, na hizo ndizo habari tuzisomazo kila siku.

Kwa maoni yangu hatuna haja ya kuunda neno jipya. Yatosha mwandishi ajiulize swali moja kabla ya kuliandika neno wastani: je, nasema habari ya mgawo au ya mahali? Ikiwa ni mgawo, na aseme: jumla ikigawanywa sawasawa, kila mmoja angepata kadha. Neno hilo 'angepata' lina kazi kubwa, kwani lamkumbusha msomaji kuwa mgawo wenyewe haukufanyika. Ikiwa ni mahali, na aseme: nusu ya watu hupata chini ya kiasi hiki, na nusu juu yake. Sentensi zitakuwa ndefu kidogo, lakini wale wavuvi tisa wataonekana ndani yake.

Mabaharia wa kale walipotaja 'average', mwenye mali nyingi iliyookoka alijua kuwa ametakiwa kutoa. Sisi tukitaja wastani, hakuna anayetakiwa kutoa chochote. Mali ya mmoja husomwa kana kwamba ni ya wote.