Msafiri Alimwandikia Nani? Miji ya Ulaya katika Habari za Safari za Waswahili

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna miji ya Ulaya ilivyoelezwa na Waswahili wachache waliobahatika, au waliolazimika, kuiona. Sitayagusa maandishi yote ya aina hiyo. Nitashughulika zaidi na watu wawili, Selim bin Abakari na Sayyida Salme binti Said, na naomba radhi ya msomaji kwa kuwaongezea barua zangu mwenyewe, ambazo hazistahili kutajwa pamoja nao ila kwa upungufu wake.

Selim alikuwa mtu wa Ngazija aliyemtumikia Mjerumani, Daktari Bumiller. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake kwenda Urusi, wakapita St. Petersburg na Moscow, kisha wakaingia Siberia na nchi za Waislamu wa Asia ya kati. Habari zake zilichapishwa Göttingen mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba Selim ni shahidi mwenye macho makali na mwandishi mwenye ulimi uliofungwa. Anataja, anapima, anaendelea na safari. Watu wanamkusanyikia kumtazama kwa kuwa hawajapata kumwona mtu mweusi, naye anapita kwenye jambo hilo kama apitaye kituo cha garimoshi. Moyo wake u wapi? Nikauliza hivyo darasani, nikajijibu kwamba hii ni nathari changa, ambayo bado haijajua kuieleza nafsi. Hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, na yafaa niieleze ilivyonitanguka.

Mwaka juzi ami yangu, mkaazi wa Kibokoni, alinirudishia barua nilizompelekea nilipokuwa London nikisomea shahada ya uzamili. Ami hakuwa mtu wa simu. Alitaka karatasi, aisome barazani baada ya Laasiri mbele ya wazee wenzake, na kwa ajili hiyo nilikuwa nikiandika kila baada ya wiki mbili. Nilizisoma zote usiku mmoja, nikaona haya. London ya barua hizo ina madaraja, ina treni zipitazo chini ya ardhi, ina maktaba yenye vitabu vya Kiswahili ambavyo Mombasa havipatikani. Haina yule mwenye nyumba aliyenikubalia chumba kwa simu, kisha akanikatalia mlangoni aliponiona. Haina mwezi mzima niliolala sakafuni kwa mwanafunzi mwenzangu kutoka Kisumu. Hata baridi hamna: nimeandika kwamba hewa ni nzuri kwa mwenye koti, na koti lenyewe nililinunua Februari.

Mtu atakayezisoma barua hizo miaka mia ijayo atasema juu yangu yale yale niliyoyasema juu ya Selim. Lakini mimi najua kwa nini niliandika vile. Nilijua barua itasomwa hadharani, na kwamba mama ataipata habari kabla ya Magharibi. Nilijua pia kwamba miongoni mwa wale wazee walikuwamo waliochanga nauli yangu. Aliyechangiwa nauli haandiki kwamba amefungiwa mlango.

Basi turudi kwa Selim na tumwulize swali jingine: nani alikuwa akimsomea? Seminari ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1887, iliwafundisha lugha maofisa, wamisionari na wengine waliotarajiwa kuja kufanya kazi katika makoloni. Kiswahili cha kitabu kile ni cha Waswahili wenyewe, lakini Mswahili hamo katika hadhira yake. Bwana wa Selim angeweza kuisoma kila sentensi, na tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka ule ule wa 1901. Mtumishi anayeandika chini ya macho ya bwana wake hatuwezi kumdai maungamo. Kwa maoni yangu nathari yake inachangamka zaidi anapofika kwa Waislamu wa Urusi na wa Asia ya kati. Pale anayo mizani yake mwenyewe, ya sala na maamkizi, mizani ambayo bwana wake hawezi kuishika.

Sayyida Salme, ambaye Ulaya inamjua kwa jina la Emily Ruete, ana hali iliyo kinyume cha hiyo. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, wakakaa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akabaki mjane mwenye watoto wachanga katika mji usio wake. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo hatazami Ulaya kwa mshangao. Anailinganisha na kwao na mara nyingi anaikuta imepungukiwa, hasa katika malezi ya watoto na katika mambo ambayo Wazungu wanayadhania juu ya wanawake wa Mashariki. Mhakiki asifiche kwamba uhuru huo wa kulinganisha unaandamana na kuutetea utumwa. Yeye ni binti wa jumba la kifalme, na jumba hilo ndilo mizani yake.

Kitu kinachonishughulisha zaidi ni barua zake, zilizochapishwa muda mrefu baada ya kifo chake cha mwaka 1924. Humo mna upweke wa Hamburg ambao sijauona kwa Selim wala kwangu. Barua hizo zinamsemesha rafiki aliyebaki Unguja, nazo zimeandikwa kwa Kijerumani! Rafiki huyo, kama alikuwapo, asingeweza kuzisoma. Nashuku kwamba ndiyo maana zikaandikika.

Wakati wa likizo ya Pasaka nilipanda treni nikaenda Hamburg, kabla sijasoma hata ukurasa mmoja wa Salme. Katika barua zangu zote ile ya Hamburg peke yake naweza kuitetea. Nilikuwa nimechoka na London, mji usio na baraza, ambako mtu akiketi nje ya mlango wake hudhaniwa amepoteza ufunguo. Hamburg nilikuta maghala ya matofali mekundu kando ya mifereji, ambamo tangu zamani huwekwa kahawa, viungo na mazulia. Nikamwandikia ami kwamba nimeiona Bandari ya Kale imenenepa: zulia lililokuwa likishushwa jahazini chini ya Ndia Kuu lina nduguye huku, ila huku halikungoja kaskazi. Wazee walicheka, nikaambiwa. Katika barua hiyo hiyo niliandika, kwa mara ya kwanza, kwamba nimelala kituoni.

Kuna mwandishi wa tatu ambaye sijui nimweke wapi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliingia Berlin mwaka 1900 kufundisha katika Seminari ile ile. Baadhi ya wanafunzi Wazungu hawakukubali kufundishwa na mtu mweusi. Mwaka 1905 kazi hiyo ilikwisha, na alipojaribu kurudi pwani pamoja na mkewe Mjerumani alizuiwa kushuka naye. Alirudi Ujerumani na akafia huko mwaka 1927. Katika Safari za Wasuaheli mna safari yake ya Udoe na Uzigua, na katika Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903 mna maisha ya mrima kwa utajiri usio na kifani. Desturi hiyo haina sura juu ya Berlin, mji ambao ungeweza kumpa mambo mengi kuliko Udoe. Tunapozihesabu habari za safari za Kiswahili, tumezoea kuhesabu zilizoandikwa tu.

Mwaka huu wanafunzi wangu wameisoma safari ya Selim pamoja na barua zangu, bila kuambiwa za pili ni za nani. Msichana mmoja wa Mkanyageni aligundua kwamba katika barua ya Novemba na ile ya Desemba anwani ya mwandishi imebadilika, na barua yenyewe haisemi neno juu ya kuhama. Akauliza darasani huyu mtu alikuwa akilala wapi. Nilikwenda kumsimulia ami swali hilo. Akaniambia kwamba yeye na wazee walijiuliza vivyo hivyo wakati ule, wakaonelea wasiniulize.