Fundi wa Rangi za Magari Pwani

Katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako chumvi ya upepo wa bahari huharakisha kutu, fundi wa rangi za magari anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa, kwa kuwa sehemu bora ya kazi yake hufunikwa na rangi yenyewe. Hukwangua kutu mpaka bati ling'ae, kisha hupuliza praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayochanganywa na hadina, yaani kigumishi, ili ishike bati na kuzuia unyevu, na ikishakauka huilainisha kwa msasa wa maji. Kisha hupuliza rangi yenyewe, na juu yake huja kilia, tabaka angavu linalokinga mionzi ya jua. Na fundi makini husubiri thina, yaani kiyeyushi cha rangi, ya kila mkono wa rangi ivuke kabla ya kupuliza mwingine, hata mteja akimharakisha.