Mchanga Haumkatai Mtu

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 5 Desemba, ufuo wa Chandrabhaga katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, hugeuka karakana. Wachongaji kutoka pembe nyingi za India na nchi za nje hukutana mbele ya Ghuba ya Bengal katika Tamasha la Kimataifa la Sanaa ya Mchanga, lililoanza mwaka 2011. Hapo hakuna mwenye marumaru ya kuwatambia wenzake, wala aliyerithi mti adimu wa kuchonga. Mchanga ni ule ule, maji ni yale yale, na jua linawachoma wote sawasawa. Kinachowatofautisha ni mkono na jicho. Wengi huusifu ufundi huu kwa huzuni, kwa sababu kazi zake hazidumu. Mimi nausifu kwa haki yake.

Mgeni anayewahi kufika hakuti sanamu. Hukuta watu wenye makoleo na ndoo wakifanya kazi ya kuumiza mgongo: mchanga unamwagwa ndani ya fremu za mbao zisizo na kitako, unalowanishwa hadi ushibe, kisha unashindiliwa tabaka baada ya tabaka mpaka maji ya ziada yachuje chini. Fremu nyingine inapandishwa juu ya ile ya kwanza, kisha nyingine tena. Hakuna anayepiga makofi wakati huu, lakini sanamu imeshaanza kupona au kufa hapa. Palipopwaya sasa ndipo patakapomeguka baadaye.

Kuchonga huanzia kileleni na kushuka, kwa kuwa kila kinachokatwa juu huangukia chini. Fremu huondolewa moja moja kadiri mkono unavyoteremka. Panahitajika mwiko, kisu, kijiko, brashi, na mrija wa kupulizia chembe zilizonasa kwenye kope la jicho au mkunjo wa nguo. Fundi akishashuka kiunoni, uso ameuaga, maana kuurudia ni kuhatarisha yote yaliyo chini yake. Kwa hiyo lazima sanamu nzima iwe imekamilika kichwani mwake kabla kisu hakijagusa mchanga. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hapa ukiona vimesimama, ujue vimefikiriwa.

Nao mchanga una kanuni zake. Ukikauka, unamwagika. Ukizidiwa na maji, unatiririka. Kati ya hali hizo mbili, maji kidogo hujishika baina ya chembe na chembe kama vidaraja vyembamba, na mvutano wa uso wa maji huzivuta chembe zikumbatiane. Mwaka 2012 mwanafizikia Daniel Bonn wa Chuo Kikuu cha Amsterdam na wenzake walichapisha vipimo vyao: maji ya kiasi cha asilimia 1 hivi ya ujazo yanatosha kuupa mchanga nguvu yake kubwa. Walionyesha pia kwamba nguzo pana huweza kwenda juu zaidi, ila kimo hakiongezeki kwa kasi ya upana. Anayetaka kwenda juu sharti awe mkarimu chini. Hayo fundi huyajua kwa kiganja, kwa kulifinyanga tonge la mchanga na kulisikiliza linavyoshikana.

Masimulizi ya Odisha yanaupa ufundi huu chanzo kinachonigusa sana. Katika mji jirani wa Puri, kila mwaka miungu wa hekalu la Jagannath hutolewa na kukokotwa barabarani juu ya magari makubwa ya mbao. Inasimuliwa kwamba mshairi Balaram Das, aliyeishi karne nyingi zilizopita, alifukuzwa kwenye gari la Jagannath kwa kudhalilishwa. Akaenda ufuoni, akajitengenezea magari yake ya mchanga na kuabudu hapo, na Jagannath akaliacha gari la wakubwa kumfuata yeye. Aliyenyimwa mbao hakunyimwa ufuo.

Historia ya karibuni inalishuhudia jambo hilo hilo. Sudarsan Pattnaik, aliyezaliwa Puri mwaka 1977 katika familia maskini, hakuwa na uwezo wa kununua vifaa vya kuchorea, akauendea mchanga. Mwaka 2014 taifa lake lilimtunuku nishani ya Padma Shri, na pale pale ufuoni Puri amewafunza vijana wengi ufundi huo.

Kilomita chache kutoka Chandrabhaga lipo Hekalu la Jua la Konark, lililojengwa katika karne ya 13 na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza kwa umbo la gari la mawe lenye magurudumu 24 na farasi 7. Ni kazi tukufu, na ilihitaji hazina ya mfalme. Mnara wake mkuu uliporomoka. Ukumbi uliobaki nao ulitia hofu, na mwaka 1903 Waingereza waliujaza mchanga na kuziba milango yake usianguke. Kwa zaidi ya miaka mia moja jiwe la mfalme liliegemea kitu ambacho mtoto yeyote huchota kwa viganja.

Ndiyo maana sikubali sanaa hii iitwe mchezo wa likizo. Inamfungulia mlango asiye na mtaji, kisha inamdai kila kitu kingine: subira, nguvu, kipimo, na mpango usiokubali kufutwa. Sisi tuliokulia kwenye pwani nyingine ya Bahari ya Hindi tuna ufuo mrefu na watoto wanaoanza kujenga kabla hawajajua kuandika. Wanachokosa ni mtu mzima wa kuwaambia kwamba wanachofanya ni ufundi, na kwamba ufundi hufundishika.