Ufupisho na Muhtasari wa Kuvutia katika Riwaya-Picha

Miongoni mwa fani changa wanazozisoma vijana wa leo, iko moja ambayo walimu wa Kiswahili hawajaichunguza vya kutosha, nayo ni riwaya-picha. Huu ni mchezo wa kompyuta usomwao kama kitabu: maneno hupita chini ya sura ya mhusika, muziki ukilia, na mara kwa mara msomaji hutakiwa achague jambo la kutenda. Fani hii imestawi zaidi Japani.

Tunalotaka kulihakiki hapa ni muhtasari wake, yaani yale maneno machache yaandikwayo ili kumvuta msomaji. Mwanafunzi apewapo kazi hiyo, aghalabu huleta ufupisho wa mtihani: nani alikwenda wapi, akafanya nini, ikawaje. Na wasahihishaji wengi humpa alama kwa wingi wa matukio.

Tuchukue mfano wa Clannad, iliyotolewa na kikundi cha Key mwaka 2004. Ufupisho wake ungesema hivi: “Tomoya, mwanafunzi mtukutu, akutana na Nagisa aliyerudia darasa kwa sababu ya ugonjwa, wanafufua chama cha maigizo, wanapendana.” Je, ni uongo? Kwa msomaji mmoja, la. Lakini hadithi hii ina njia nyingi, na mwenzake aliyechagua vingine atajikuta akiandamana na Kotomi au Kyou, asiyaone kamwe mapenzi hayo na Nagisa. Kwa hiyo kila tukio litajwalo baada ya mwanzo ni kweli kwa baadhi tu ya wasomaji. Kinachodumu katika njia zote ni huyo Tomoya, na donda alilokuja nalo.

Sasa tujaribu upya:

“Tomoya anauchukia mji anaoishi. Bega lake liliumia katika ugomvi na baba yake, na mpira wa kikapu alioupenda ukamtoka. Tangu hapo baba humsemesha kwa adabu, kama mgeni. Asubuhi moja, akiwa amechelewa kama kawaida, anamkuta msichana chini ya mlima wa shule. Hathubutu kupanda. Anajitajia mkate wa maharage matamu aupendao, ili ajipe moyo.”

Hapa hatukusema “hadithi ya kusisimua,” wala hatukutaja mapenzi. Tumeitegemea zaidi ile adabu ya baba. Sisi tunaofundisha lugha ambayo baba humwita mtoto “mwanangu,” au hata “baba,” hatuhitaji kuelezwa ukali wa mzazi anayemwita mwanawe kwa heshima ya mtu baki. Matusi yangekuwa nafuu. Na mkate ule unamjulisha Nagisa kuliko kutaja ugonjwa wake, ambao humfanya ahurumiwe kabla hajajulikana.

Wako wenzetu watakaouliza: mwalimu atajuaje kwamba mwanafunzi amesoma hadi mwisho? Hoja hiyo ina uzito. Basi na aandikishwe ufupisho, uitwe kwa jina lake, usahihishwe kwa kanuni zake. Lakini asinyimwe alama katika kazi hii ya pili kwa kuwa ameacha matukio. Muhtasari wetu umekoma chini ya mlima kwa makusudi, kwani huko juu ndiko msomaji atakakoanza kuulizwa achague.