Mifupa ya Vauxhall na Maarifa ya Daktari Simpson

Mwezi wa Julai mwaka 1942, mafundi waliokuwa wakibomoa magofu ya kanisa la Wabaptisti huko Vauxhall, kusini ya mto Thames mjini London, waliinua bamba la jiwe lililolazwa sakafuni mwa chumba cha chini, wakakuta mifupa ya mwanadamu iliyoshikamana na mabaki ya nyama iliyokauka. Na kwa kuwa mji ule ulikuwa umepigwa mabomu usiku baada ya usiku, na watu wengi wamefukiwa chini ya kuta za nyumba zao, dhana ya kwanza iliyomjia kila mtu ni kwamba huyu naye aliuawa na vita. Lau tabibu aliyeletewa mifupa ile angaliridhika na dhana hiyo, shauri lingalikwisha kwa mazishi. Lakini aliyeletewa alikuwa Keith Simpson wa hospitali ya Guy's, aliyezaliwa mwaka 1907, ambaye baadaye alikuja kuwa profesa wa kwanza wa tiba ya sheria katika Chuo Kikuu cha London. Naye alikuwa na tabia moja ninayoiona kuwa asili ya sifa zake zote, nayo ni kutokubali jibu kabla swali halijaulizwa.

Swali lake la kwanza halikuwa nani aliyeua, wala hata nani aliyekufa, bali ni kama bomu lingeweza kufanya kazi ile. Bomu hubomoa, hupasua na kutawanya. Haliwezi kumlaza mtu chini ya bamba la jiwe likamfunika, wala haliwezi kutenga kichwa na kiwiliwili, kisha likaikata mikono viwikoni na miguu magotini. Tena palikuwa na unga wa manjano ulioganda juu ya maiti, na ulipopimwa ukadhihirika kuwa ni chokaa.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Waashi wa mwambao wetu, waliozoea kuchoma matumbawe katika tanuu na kuyamwagia maji, hawahitaji kuambiwa tofauti iliyopo baina ya chokaa iliyotoka motoni na chokaa iliyokwisha kuzimwa: ile ya kwanza huunguza, na hii ya pili ukali wake umekwisha. Aliyeizika maiti ile alinyunyiza chokaa iliyozimwa, kwa kuitakidi kwamba itakula nyama na kufuta alama. Kumbe ilifukuza wadudu, ikazuia uozo, na kuhifadhi hasa kile alichotaka kipotee. Kilichosalimika ni zoloto, na katika zoloto ile pembe ya juu ya gegedu, upande wa kulia, ilikuwa imevunjika, na damu imevilia pembeni mwake. Damu haivilii katika mwili uliokwisha kufa. Basi pembe ile ilivunjwa mwenyewe angali hai, na kwa kadiri ya uzoefu wa Simpson, kuvunjika kwa namna ile kulitokana na mkono uliokaba koo.

Ikabaki kumjua maiti. Mji wa mimba ulikuwa haujaoza, kwa hiyo hapakuwa na shaka kwamba ni mwanamke, na ndani yake mlikuwa na uvimbe. Mfupa mmoja mzima wa mkono wa juu ulimpa kimo, kwa hesabu za wataalamu waliotangulia: futi 5 na inchi moja hivi, si zaidi. Mishono ya fuvu, ambayo hufungamana kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, ilimwambia kuwa marehemu alikuwa kati ya miaka 40 na 50. Nywele chache zilizobaki zilikuwa za rangi ya kahawia zinazoingia mvi. Na hali ya mwili ilionyesha kwamba alikufa miezi 12 hadi 18 iliyopita.

Polisi walipoyachukua maelezo hayo wakayalinganisha na daftari lao la waliopotea, walimkuta Rachel Dobkin, mke aliyetengana na mumewe na aliyekuwa akimdai masurufu, ambaye hakuonekana tena tangu tarehe 11 Aprili 1941, miezi 15 kabla. Mumewe, Harry, alikuwa mlinzi wa moto katika nyumba ya mawakili iliyopakana na kanisa lile. Na siku nne baada ya mkewe kupotea, moto usiojulikana chanzo chake ulizuka katika chumba kile kile cha chini. Hospitali alizokwenda bibi huyo zilikuwa na habari za uvimbe wake.

Hata hivyo wanawake wenye uvimbe na wenye kimo kile ni wengi, na Simpson alilijua hilo. Ushahidi uliokata shauri ulitoka kwa tabibu wa meno, Barnett Kopkin wa Stoke Newington, mtu aliyekuwa akiandika kwa uangalifu kila jino aliloling'oa na kila tundu alilolijaza. Taya la chini halikupatikana, lakini la juu lilitosha: mchoro alioutoa katika kumbukumbu zake uliafikiana nalo jino kwa jino, na alipotaja kwamba katika kung'oa meno mawili ya upande wa kushoto huenda mizizi ilibaki mfupani, picha ya eksirei iliionyesha pale pale. Naistahi kazi ya mtu huyu kuliko ninavyoweza kueleza, maana hakuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba maandishi yake ya kila siku yangesomwa mahakamani.

Kisha fuvu lilipigwa picha, na picha hiyo ikawekwa juu ya picha ya Rachel alipokuwa hai, na mistari ya uso ikalingana. Mbinu hiyo ilikuwa imetumika Scotland katika shauri la Ruxton la mwaka 1935. Mimi siipi uzito mkubwa: hufaa zaidi kumwondoa mtu asiyehusika kuliko kumthibitisha anayehusika. Simpson naye aliiweka mahali pake, ikawa ya kutia nguvu tu, na hapo ndipo ninapoona anatofautiana na Bernard Spilsbury aliyemtangulia, ambaye mbele ya baraza la juri neno lake peke yake lilikuwa kama hukumu. Simpson hakutaka aaminiwe kwa jina lake. Alimweka katibu wake, Molly Lefebure, ndani ya chumba cha maiti aandike kila alilolitamka wakati kisu kikiwa kazini, ili kila jambo liweze kukaguliwa na wengine.

Harry Dobkin alihukumiwa Old Bailey mwezi wa Novemba 1942, na akanyongwa katika gereza la Wandsworth tarehe 27 Januari 1943.

Miaka saba baada ya mifupa ya Vauxhall kufukuliwa, John Haigh alimyeyusha mjane mmoja katika pipa la asidi ya salfuriki huko Crawley, akiamini kwamba pasipo maiti hapana kesi. Simpson alifika kwenye uwanja wa karakana ile, akainama juu ya changarawe, akaokota kijiwe laini kilichokuwa na umbo tofauti na vijiwe vyote vilivyokizunguka: kijiwe cha nyongo, ambacho asidi haikukimaliza. Katika tope lililochukuliwa pale yakapatikana na meno ya bandia, na safari hii pia alikuwapo tabibu wa meno, Helen Mayo, aliyeyatambua kwamba ndiyo aliyoyatengeneza yeye.